Nyuzi za mkongo zinazopita bila kuwashwa: kwa nini zimelala, na zingetufaa kwa lipi?

Mwl_Barabarani (#1)
Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha fizikia sekondari moja kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, kati ya Gairo na Kibaigwa. Kutoka mlango wa maabara yetu hadi chemba ya mkongo ni hatua 43, nimezihesabu. Wiki iliyopita mafundi walikuja kuunga kebo iliyokatwa na greda, nikaomba nisimame nitazame. Walipoimenya, grisi ilijaa kila mahali. Wakaipangusa kwa karatasi laini na spiriti, nyuzi zikaanza kutoka moja moja: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe. Jumla 48. Nikamuuliza kijana mmoja zinazofanya kazi ni ngapi. Akanijibu, "Kwa kipande hiki sita, mwalimu. Hizo nyingine zimelala."

Sita kati ya 48. Na mimi nikitaka kuwaonyesha kidato cha nne video ya dakika tano kuhusu mawimbi, nanunua bando kwa hela yangu, kisha tunakwenda wote chini ya mwembe kwa sababu ndipo mtandao unaposhika.

Nauliza kwa nia njema: kwa nini nyuzi hizi zimelala? Na kama hazina kazi ya intaneti kwa sasa, zingeweza kufanya kazi gani nyingine? Nawasilisha.

Kiti_cha_Mbele (#2)
Uzi wa nyuzi. Nimeshakaa, nasubiri mafundi.

FundiChemba (#3)
Mwalimu, umeona sawasawa, ila neno "zimelala" lisikuumize. Nimeunga faiba miaka 11, nikueleze hesabu yake.

Kinachokula pesa kwenye mkongo ni mtaro. Kuchimba mita moja na zaidi kwenda chini, kupasua mwamba, kuvuka mto, kupita chini ya lami, kulipa fidia ya mashamba, kusubiri vibali. Uzi wenyewe, ambao ni kioo, ni rahisi. Ukilinganisha kebo ya kore 24 (kore ni uzi mmoja) na ya kore 48, tofauti ya bei ni kidogo mno mbele ya gharama ya mtaro. Kwa hiyo mtu mwenye akili anayechimba mara moja anaweka nyuzi za miaka 25. Zisizowashwa leo ni akiba, kama mtu anayejenga msingi wa ghorofa huku akianza na chumba kimoja.

Mdai_Haki (#4)
Fundi, nakuheshimu, lakini hiyo ilikuwa hoja ya wakati wa kuchimba. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, mkandarasi CITCC, uendeshaji chini ya TTCL. Intaneti ya baharini ikaja 2010 na kebo ya SEACOM. Huu ni muda mrefu. Akiba isiyoguswa muda wote huo ni mali iliyofukiwa.

Mimi naona sababu ni biashara. Mwenye kebo akikuuzia kasi, unamlipa kila mwezi kwa kila megabiti. Akikukodishia uzi mtupu, wewe ndiye unayeweka mashine pande zote mbili. Mwakani ukibadilisha mashine unapata kasi mara kumi, naye hapati senti ya ziada. Ndiyo maana anaona afadhali uzi ukae giza kuliko akukodishie. Watu wanaumia na bando kwa sababu hiyo.

Kaskazi (#5)
#4, sahihisho dogo: SEACOM ilizinduliwa 23 Julai 2009. Ya 2010 ni EASSy, ile inayotoka Mtunzini, Afrika Kusini, mpaka Port Sudan. Na sisi Mombasa tulipata TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, mwaka huo huo wa 2009. Mengine uliyosema sina ugomvi nayo.

Mdai_Haki (#6)
Shukrani Kaskazi, nimepokea.

RangiElfu (#7)
Wote wawili mmeruka sababu kubwa. Nyuzi zimelala kwa sababu uzi mmoja sasa unabeba kazi ya nyuzi mia.

Mwalimu wa fizikia utanielewa haraka. Zamani uzi mmoja ulipitisha rangi moja ya mwanga. Leo tunapitisha rangi 80 au zaidi kwa pamoja, zote kwenye eneo la nanomita 1550 ambako kioo kinameza mwanga kidogo kuliko kwingine, kama desibeli 0.2 kwa kilomita. Kila rangi ikibeba gigabiti 100, jozi moja ya nyuzi, mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea, inakupa terabiti 8. Aliyepanga nyuzi 48 alipiga hesabu kwa mashine za wakati wake. Mashine zikakua, kebo ikabaki ileile, na haja ya kuwasha nyuzi nyingine ikapungua. Kubadilisha kadi kwenye kituo ni rahisi kuliko kuwasha jozi mpya, maana jozi mpya inataka vikuza mawimbi kila baada ya kilomita 80 hivi, na kila kituo kinataka umeme, betri, jenereta na mlinzi.

Mkimbiza_Mwanga (#8)
Kumbe! Na mwanga unakimbia humo kilomita 300,000 kwa sekunde.

Mwl_Barabarani (#9)
#8, hiyo ni kwenye ombwe. Ndani ya kioo unapungua hadi kama 200,000, kwa sababu kipeo cha mpindo ni karibu 1.47. Samahani, kazi yangu hiyo.

Ukumbi_wa_Wazee (#10)
Hadithi hii si yetu peke yetu. Nilikuwa Marekani kimasomo wakati ule wa 1999 hadi 2002. Makampuni yalikuwa yanasimuliana kwamba matumizi ya intaneti yanaongezeka maradufu kila siku 100. Andrew Odlyzko, mtu wa hesabu, alikagua akaona ni karibu maradufu kwa mwaka. Lakini mitaro ilikuwa imeshachimbwa. Qwest walilaza kebo kufuata reli. Global Crossing wakazungusha dunia. Januari 2002 Global Crossing wakaomba ulinzi wa mufilisi, Julai WorldCom wakafuata.

Nyuzi hazikufa na makampuni. Zilibaki ardhini, zikauzwa kwa bei ya kutupa, na waliokuja baadaye wakazichukua. Google walianza kuzikusanya mapema, 2005 habari zilishajulikana. Kwa hiyo #3 na #4 mna ukweli wote wawili: yaliyokuwa hasara ya mmoja yaligeuka akiba ya mwingine, ila aliyelipia mtaro siye aliyefaidi.

Kaskazi (#11)
Na kuna njia ya tatu. Jiji la Stockholm lilianzisha kampuni yake, Stokab, mwaka 1994. Haiuzi intaneti kabisa. Inakodisha nyuzi tupu kwa yeyote, kwa masharti sawa, kila mtu anawasha mwenyewe. Hapa Kenya jambo linalokaribiana kidogo ni Kenya Power: tangu karibu 2010 wamekuwa wakikodisha nyuzi zilizo kwenye laini za umeme kwa makampuni ya simu na intaneti, Safaricom ikiwemo. Serikali nayo ina mkongo wake wa taifa, NOFBI, unaofika kwenye makao ya kaunti. Kwa hiyo neno kwamba haiwezekani silikubali.

Dada_wa_Msongo (#12)
Kaskazi umegusa kwangu. Wengi hawajui kwamba kwenye minara ya umeme wa msongo mkubwa, ule waya wa juu kabisa wa kukinga radi una nyuzi za faiba ndani yake. Shirika la umeme linatumia chache kuwasiliana na vituo na kulinda laini, nyingine zinabaki. Mkongo wetu wa Tanzania nao ulianza kwa kutumia sehemu ya nyuzi za TANESCO, ndiyo maana ulifika mikoani mapema.

Faida yake: greda haiufikii. Shida yake: ukikatika, kupanda kuunga ni kazi ya watu maalumu, na mara nyingi laini lazima izimwe kwanza.

Jirani_wa_Mnara (#13)
Sasa wakuu, kama nyuzi ni nyingi hivi, mbona Jumapili ile ya 12 Mei 2024 nchi nzima tulikaa bila mtandao? Nilikuwa namtumia mama hela ya dawa, nikakwama mpaka kesho yake.

RangiElfu (#14)
#13, pole kwa mama. Ile ilikuwa baharini: EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili upande wa Afrika Kusini. Nyuzi za nchi kavu za kwenda Kenya kupitia Namanga, Horohoro na Sirari zilikuwepo nzima. Lakini kuwa na barabara si kuwa na tiketi ya basi. Lazima uwe umeshanunua nafasi kwenye kebo nyingine inayoanzia Mombasa, na mashine ziwe tayari kugeuza njia. Waliokuwa na nafasi hiyo walirudi mapema, wengine walisubiri. Kwangu mimi hilo ndilo tumizi la kwanza la nyuzi zilizolala: njia za dharura kati ya majirani, zilizowashwa kabla ya dharura.

Mdai_Haki (#15)
Hapo #14 tumekutana.

Msikiliza_Ardhi (#16)
Habari wadau. Nipo Trondheim, Norwe, nasomea jiofizikia. Mwalimu aliuliza nyuzi zingefanya kazi gani nyingine, na bado mnazungumza intaneti tu. Uzi uliolala unaweza kuwa sikio.

Inakuwa hivi. Unaweka mashine moja upande mmoja wa uzi. Inarusha mapigo ya leza, maelfu kwa sekunde. Kioo si safi kabisa, kina kasoro ndogondogo ambazo zinarudisha mwanga kidogo nyuma kutoka kila mahali njiani. Ardhi ikitikisika, uzi unavutika kiasi kisichoonekana, na mwanga uliorudi unabadilika. Kwa kupima muda unajua ni mita ipi imetikiswa. Uzi wa kilomita 50 unakuwa na vipimo maelfu kwa mpigo, bila kuchimba shimo hata moja.

Chuo kikuu cha Stanford walifanya hivyo 2016 kwenye mabomba ya simu ya chuo chao. Watafiti wa Berkeley walichukua uzi usiotumika kaskazini mwa Sacramento, wakausikiliza kwa miezi, na tetemeko kubwa la Mexico la Septemba 2017 likasikika humo. Sasa fikirieni: sisi tuko juu ya Bonde la Ufa. Rukwa mwaka 1910 ilipigwa na tetemeko la zaidi ya 7. Vipima tetemeko tulivyonavyo ni vichache na viko mbalimbali, lakini mkongo upo tayari unapita.

Omuganda_wa_Bukoba (#17)
Msikiliza Ardhi umenigusa. 10 Septemba 2016 nilikuwa Hamugembe, saa tisa na nusu alasiri. Kwanza mbwa, halafu sauti kama lori linapita chini ya nyumba, halafu ukuta wa jirani ukalala barabarani. Lilikuwa la 5.9. Tulizika watu. Usiku ule tulilala kwenye migomba na watoto kwa sababu hakuna aliyetuambia kama linarudi au limekwisha. Siku zilizofuata lilirudi mara nyingi, dogo dogo, na kila mara tulitoka mbio.

Mkongo unapita kwetu kwenda Mutukula. Swali langu: uzi huo ungetuonya?

Msikiliza_Ardhi (#18)
Pole sana ndugu. Sitakudanganya: kuonya kabla ardhi haijavunjika, hakuna kifaa duniani kinachoweza. Kinachowezekana ni sekunde chache kwa walio mbali na kitovu, na baada ya hapo kujua matetemeko madogo yanatokea wapi hasa, yanasogea au yanapungua. Usiku wenu ule wa migombani, hilo ndilo mngeambiwa.

FundiChemba (#19)
Kijana wa Trondheim, elimu nzuri, lakini nikuletee ya chemba. Kebo zetu nyingi zimepulizwa ndani ya bomba la plastiki, zimelegea humo. Uzi haujashikana na udongo. Pili, mkongo unafuata barabara kuu; malori ya Tunduma na ya Rusumo yanapita usiku kucha. Utasikia tetemeko au utasikia semitrela? Tatu, mashine hiyo haivuki kikuza mawimbi, ina maana kila kilomita 80 unataka nyingine, na bei yake siyo ya redio.

Msikiliza_Ardhi (#20)
Fundi, mambo yote matatu ni kweli, na ongeza la nne: data ni terabaiti kwa siku. Lakini wale wa Stanford nao walikuwa ndani ya mabomba, msuguano na uzito wa kebo vikatosha. Lori lina sauti yake na linatembea. Kwenye picha linaonekana kama mstari wa mshazari, tetemeko linagonga uzi wote karibu kwa pamoja. Kutenganisha kunawezekana. Na malori yenyewe ni taarifa: unahesabu magari bila kamera.

Tena ninyi mafundi mngefaidi kwanza. Greda likianza kuchimba mita 20 kutoka kwenye kebo, uzi unalisikia kabla halijafika.

FundiChemba (#21)
Hiyo ya greda niuzie hata leo. Mwaka jana mkandarasi mmoja wa barabara alitukata mara nne kwa mwezi, sehemu ileile, na kila mara tuliitwa usiku.

Dada_wa_Msongo (#22)
Kwenye waya wetu wa juu utasikia upepo zaidi ya kitu kingine. Ila hata huo una faida, waya ukicheza sana unajua.

Na bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limepangwa na faiba kandokando yake kwa kazi ya namna hii, kugundua uvujaji na wachimbaji. Kwa hiyo teknolojia inakuja nchini hata tusipoijadili. Swali ni kama watu wa jiolojia watapewa nafasi ya kuisikiliza.

Mama_Virunga (#23)
Nawasalimu kutoka Goma. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, moto ukashuka hadi Buhene. Lakini kilichotuvunja moyo zaidi ni yaliyofuata: ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, nyufa zikaonekana barabarani, na tarehe 27 alfajiri tukaambiwa tuhame. Tulikwenda Sake kwa miguu, mama yangu mgongoni mwa kaka. Wengine walivuka Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Kama kuna uzi wowote mjini kwetu unaolala bila kazi, nauombea upewe kazi hiyo.

Kaskazi (#24)
Mama, Mungu awalinde.

Kuna jambo nimelisoma, Msikiliza Ardhi utanithibitishia: huko kwenu walitumia kebo ya baharini kusikiliza nyangumi?

Msikiliza_Ardhi (#25)
Kweli. Svalbard, visiwa vya Norwe huko kaskazini, 2020, kwenye kebo ya kati ya Longyearbyen na Ny-Ålesund. Nyangumi wanapoimba, sauti yao nzito inatikisa kebo iliyo chini ya bahari.

MtuMafia (#26)
Basi waje Mafia, papa potwe wamejaa kuanzia Oktoba!

Kaskazi (#27)
MtuMafia, papa potwe ni samaki, haimbi. Wanaoimba ni nyangumi wa nundu, na hao hupita kwetu Watamu na Msambweni kuanzia Julai wakija kuzaa. Wavuvi wanawasikia wakiweka sikio kwenye ubao wa dau.

MtuMafia (#28)
Sawa, lakini wetu wana madoadoa.

Mpiga_Hesabu (#29)
Turudi kwa mwalimu jamani. Ana watoto chini ya mwembe na uzi hatua 43. Fundi, kiufundi inashindikana wapi?

FundiChemba (#30)
Kiufundi haishindikani. Wengi wanadhani ukipitiwa na mkongo unachomeka tu kama umeme. Chemba ya pale kwa mwalimu ni ya kupita, haina mashine. Mashine ziko kituoni, tuseme kilomita 36 kutoka hapo. Ukipata kore moja iliyolala kutoka kituoni hadi kwake: kilomita 36 kwa 0.2 ni desibeli 7.2. Maungio kila kilomita 4, pamoja na yale ya greda, weka 1. Viunganishi vya mwisho weka 1. Jumla haifiki 10. Moduli ndogo (vifaa vya kurusha na kupokea mwanga) za gigabiti 1 za kilomita 40, za aina inayotuma na kupokea kwenye uzi mmoja, zinafika, bila kikuza mawimbi. Moduli mbili, swichi mbili, na kebo nyembamba ya kore mbili kutoka chemba hadi maabara.

Gumu ni karatasi. Nani anakupa ruhusa ya kore, kwa bei gani, na ikikatika nani anakuja kuunga? Jibu hilo mimi sina.

Mdai_Haki (#31)
Ndiyo hoja yangu tangu #4. Ni uamuzi, si kioo.

RangiElfu (#32)
Na mimi naongeza: usidhani kore zote 42 zilizolala ni nzima. Kila kebo inapokatwa, zinaungwa kwanza zenye wateja. Zisizo na kazi zinaungwa mwisho, usiku, watu wamechoka, na hakuna anayezipima. Baada ya miaka mingi zina maungio mabaya au zimevunjika kabisa. Huenda "akiba" ya Fundi kwa sehemu fulani haipo tena.

FundiChemba (#33)
Hilo linaniuma lakini siwezi kulikana. Nimeshafungua majointi nikakuta nyuzi zimekunjwa tu trei haijaguswa. Kwangu mimi ninaunga zote, hata saa nane usiku.

Mwl_Barabarani (#34)
Wakuu, nimesoma yote mara mbili, asanteni. Nimeandika barua, mkuu wa shule amesaini, tunaipeleka kwa wahusika Jumatatu. Fundi, kuna njia ya kujua kama hata kore moja ya hapa ni nzima?

FundiChemba (#35)
Mwalimu, nitumie namba iliyo kwenye kifuniko cha chemba. Wenzangu waliokuja kwako ni wa zamu yetu, na baada ya kuunga walitakiwa kupima zote kwa OTDR, mashine inayorusha mwanga na kuonyesha uzi umekatika wapi, picha zinabaki kwenye mashine. Ruhusa si yangu kutoa, lakini kukuambia kipimo naweza.

Mwl_Barabarani (#36)
Nimekutumia inbox.

Omuganda_wa_Bukoba (#37)
Msikiliza Ardhi, kwetu kebo imezikwa moja kwa moja au ipo kwenye bomba, ungejuaje?

FundiChemba (#38)
Mwalimu, nimepata picha. Kati ya zilizolala, 9 zimevunjika kabla ya kilomita 12, RangiElfu alisema kweli. Kore ya 31 imenyooka hadi kituoni bila mruko wowote mkubwa. Ndani ya kebo nyuzi zimefungwa kumi na mbili kwa kila kijibomba chenye rangi yake, kwa hiyo hiyo ni kijibomba cha tatu, uzi wa saba. Kijibomba cha kijani, uzi mwekundu. Iandike kwenye barua yako.